Skrini ya Wifi Yangu

Wifi yangu husafisha picha za watu studio, na hanunui kitu bila kukizunguka. Dukani, nikiwa naye na mwanangu mkononi, aliinama mbele ya skrini, akasogea kushoto, akasogea kulia, jicho moja amelifumba kama anayetia uzi sindanoni. Skrini ya zamani ilikuwa inamdanganya rangi, wateja wakawa wanarudisha picha: "Huyu si mwanangu!" Bosi wake kamwachia achague mpya mwenyewe, ila akikosea, kiti anapewa mwingine.

Muuzaji alimsukumia yenye paneli ya VA, aina ya kioo inayosifiwa kwa weusi mzito. "Dada, ona weusi wake, usiku wa manane kabisa!" Wifi akamjibu taratibu, "Kaka, mimi sisafishi picha za wachawi." Ya TN, wanayoipenda wacheza gemu, aliikataa upesi. Ukiitazama kwa pembeni sura zinapauka, na wateja wake hukaa pembeni yake. Kisha akafungua picha ya mwanangu kwenye VA na kwenye IPS, aina ya tatu ya kioo, akaninyooshea vidole vyake vyembamba. "Wifi, hebu nipe huyo mtoto." Akamshika shavu kwa shavu na skrini, sisi tukitazama kwa upande. Kwenye VA shavu lilififia kama limepakwa majivu. Kwenye IPS lilikuwa lilelile la mwanangu, hata kile kidoa chini ya jicho. "Nifungie hii," akasema. Muuzaji akamwita mwenzake, "Njoo uone dada anavyopima!" Nami, bila kuulizwa na mtu, nikasema kwa sauti: "Wifi yangu huyo."