Mwaka Tulipokuwa Wote Wenye Shaka

Chama kilipokuja kututawala hapa Butembo, mimi nilikuwa kati ya watu waliopiga mikono wa kwanza. Naandika hivyo ili mtu asifikiri nilikuwa mwerevu kuliko wengine. Askari waliotutawala mbele ya hawa kufika walizoea kuingia karakana yangu ya useremala na kubeba mbao za kupikia. Hawa wa chama, mwaka mzima wa kwanza, hawakubeba hata ubao mmoja. Hilo ni lazima niliseme. Walikuja na bunduki, ni kweli, na nyuma yao walisimama askari wa nchi jirani, ni kweli vilevile. Lakini walisema vita ni vya kumrudishia kila Mkongomani heshima yake, na mimi niliamini, labda kwa sababu nilikuwa nataka kuamini.

Nina miaka miwili tu ya shule ya segondere. Waliponiuliza kama najua kuandika, nikasema kidogo. Wakanifanya katibu wa selile, tawi dogo la chama katika mtaa wetu, wakanipa rejista na kashe, yaani muhuri wa mpira. Wiki ile nilipiga kashe hata juu ya vipande vya mbao, ili tu nione alama inavyotokea.

Mwaka uliofuata, dada yangu wa mwisho alipata mchumba. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mambo ya mahari yalikuwa juu yangu na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke anayeuza ndizi sokoni na asiyeogopa mtu. Kijana mwenyewe alikuwa mwashi. Ukuta wa upande wa jua wa kanisa letu ni yeye aliujenga, na ndani ya ukuta huo aliimba besi mpaka vioo vinatetemeka. Alitoka Luofu, na kwetu mtaani alikuwa amepanga chumba. Mama yake ni Munande kama sisi. Baba yake anasema Kinyarwanda nyumbani, kama majirani zake wengi kule kusini. Kwetu hakuna aliyejali. Shangazi alimuuliza jambo moja tu: kama anajua kula bila kuongea.

Halafu ikafika barua ya mzunguko kutoka biro ya chama, Beni. Kila katibu aandike watu wote wa mtaa wake: jina, kazi, baba, babu. Na kwa kila mmoja ushahidi kwamba babu yake alikuwa juu ya udongo huu mbele wazungu hawajachora mipaka. Safu ya mwisho ilikuwa ya uraia. Mwenye ushahidi, andika *confirmée*. Asiye na ushahidi, andika *douteuse*, yaani uraia wake una shaka. Mwenye shaka hatapata jeton ya kitambulisho, na asiye na jeton arudi alikotoka. Mtaa wa chini walikuwa wamekwisha kuanza, na familia mbili za kusini zilikuwa zinafunga magodoro.

Niliisoma mara tatu. Sikuona mahali imeandikwa kwamba ni ya watu wa kusini tu. Imeandikwa "watu wote". Basi nikachukua rejista, nikaanza na nyumba ya kwanza pale kwenye kisima, sawasawa na barua.

Sijapata kucheka hivyo ndani ya kazi ya serikali. Watu walileta ushahidi! Mzee mmoja alileta karatasi ya kodi ya wakati wa Wabelgiji, imeliwa na mende. Mama pasta, mke wa mchungaji wetu, alileta cheti cha ubatizo. Mwingine alibeba chungu cha bibi yake juu ya kichwa, akakiweka mbele yangu kama mtu anayeleta mtoto hospitali. Nikawaambia kwa heshima: karatasi hii ni ya nyuma ya mipaka kuchorwa, chungu hiki hakina tarehe. Nikaandika *douteuse*, *douteuse*, *douteuse*.

Nikafika kwa shangazi.

"Shangazi, babu yako alikuwa wapi mbele ya mipaka?"

"Babu yangu? Nilimuona na macho yangu. Alikuwa na meno mbili."

"Ulimuona mbele ya mipaka?"

"Mbele ya mipaka mi nilikuwa sijazaliwa, we mwana! Unaniona mi kobe ya miaka mia?"

"Basi, iko mutu alikuambia alitoka wapi?"

Akafikiri kidogo, akicheza na kisu chake cha ndizi. "Yeye mwenyewe alisema baba yake alivuka Semuliki. Alitoka ng'ambo na mbuzi mbili, moja ikafia mu maji. Siye wote tulivuka, hata wimbo wa watoto unasema."

Ng'ambo ya mto Semuliki, yaani nje ya udongo huu. Nikakaa na kalamu mkononi. Babu wa shangazi ndiye babu wa baba yangu. Nikafungua ukurasa wa nyumba yangu, nikaandika jina langu, na katika safu ya mwisho nikaandika *douteuse*. Niliona aibu kidogo, lakini ningefanyaje? Kama sheria ni sheria.

Siku tatu nikamaliza. Mtaa mzima, kutoka kwa mkubwa wa mtaa mpaka mtoto aliyezaliwa Jumanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushahidi. Mwashi wa Luofu alikuwa katikati ya ukurasa wa saba, mwenye shaka kama sisi wote. Habari ikafika sokoni mbele sijafika. Kesho yake asubuhi, watu walikuwa wanasalimiana nayo.

"Douteux, umelala muzuri?"

"Muzuri, douteuse, na weye?"

"Pimia mi unga, lakini usiniibie, najua haujulikane uko nani!"

Mama pasta, ambaye sikupata kumwona akifanya utani, aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Katibu! Mbinguni je, nitaingia?"

Nilicheka pamoja nao, lakini nilikuwa na woga. Nilidhani labda nimeelewa vibaya, kwa sababu ya shule yangu kidogo. Ndiyo maana niliipeleka rejista mwenyewe Beni, juu ya lori la sabuni, badala ya kuituma.

Mkubwa wa biro aliyenipokea alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mbele ya kufuata chama, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa mara nyingi kuliko vyangu. Alinipa chai na mkate, akauliza habari za watoto, ndipo akafungua rejista. Akageuza karatasi. Akageuza tena. Akarudi nyuma.

"Katibu, hii ni nini? Umeandika bote."

"Ndiyo, mukubwa. Barua ilisema bote."

"Na huyu? Mwenye hili jina? Si ni weye mwenyewe?"

"Ni mimi. Sina preuve, hata ushahidi mumoja, mukubwa. Babu yetu alivuka Semuliki."

Akafunga macho, akayasugua. Nilidhani atanikaripia, lakini alisema polepole, kama anavyosema mwalimu kwa mtoto mzito: "Sikiliza. Hii karatasi haiko ya batu kama siye. Tunatafuta bale." Akaonyesha kwa kidevu upande wa kusini. "Bale unajua. Donc, rudi, wacha bale *douteuse*, wengine wote uweke *confirmée*. Jumamosi napita Butembo, nitaikamata."

"Lakini bale hawana preuve kama siye hatuna, mukubwa."

"Katibu. Weye unajua."

Hapo ndipo imani ilipoanguka ndani yangu. Haikufanya kelele. Hakuna mtu aliyenipiga wala kunitukana, chai ilikuwa na sukari. Lakini yale yote kuhusu heshima ya kila Mkongomani, niliyoyapigia mikono, yalikuwa yameisha kwenye kidevu cha mtu mmoja mzuri. Kama angepiga meza, labda ningeendelea kuamini. Ningesema ana hasira leo.

Jumamosi aliyoitaja ndiyo ilikuwa siku ya mahari.

Nilirudi nikamweleza dada yangu. Alikuwa anaanika nguo.

"Yaya, kaka yangu, andika tu *confirmée* kwa yeye mumoja. Mungu atasamehe."

"Nikimuandikia yeye bila preuve, na zile familia za mutaa wa chini? Nitakuwa nimefanya sawa bale ba Beni, ila kwa upande wangu."

"Basi andikia bote *confirmée*!"

"Haina preuve pia."

Akakamua kanga iliyolowa mkononi. "Yaya, weye ni mutu muzuri, lakini kuishi na weye ni kazi." Akaingia ndani. Nilisikia analia, nikasikia shangazi anamwambia kitu, nikasikia wanacheka wote wawili. Wanawake wa kwetu siwaelewi. Rejista niliiacha kama ilivyokuwa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ushujaa au nilikuwa tu nimeshindwa kuamua.

Jumamosi watu wa Luofu walifika asubuhi na mbuzi kumi na mbili, wamechoka, wamepitia Alimbongo na mvua yake. Walipoingia uani waliimba, na upande wetu ukajibu. Tuliwakalisha kwenye mabenchi niliyoyatengeneza wiki ile, mengine bado yananuka mbao mbichi. Kwetu kila mbuzi wa mahari ana mwenyewe: wa mama, wa mjomba, wa shangazi, na kadhalika, na kila mwenye mbuzi ana haki ya kumdharau mbele ya watu mpaka abembelezwe. Shangazi alimshika wake sikio.

"Huyu ni mbuzi ao ni paka yenye pembe?"

Msemaji wao, mzee mwembamba, akainuka. "Mama, huyu mbuzi alikuwa munene Luofu. Alisikia habari yako njiani, akakonda."

Uani palilipuka kwa kicheko. Ndipo tukasikia pikipiki.

Kicheko kilikatika. Mkubwa wa Beni alishuka, amejaa vumbi, na mkoba chini ya kwapa. Baba wa kijana alivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili, na nikaona dada yangu, mlangoni, amesimama kama nguzo. Watu wote walijua amekuja kuchukua nini. Nikaingia ndani, nikaleta rejista, nikampa.

Akafungua ukurasa wa saba. Akafungua wa kwanza. "Haukubadirisha kitu."

"Hapana, mukubwa."

Mbele sijaongeza neno, shangazi alikuwa amekwisha kuja na kiti. "Karibu, tata. Wasingya, asante ya kufika. Kaa kwanza, mutu hasimame mu mahari ya wenyewe. Mi nina ulizo moja tu. Babu yako, alizikwa wapi?"

"Mama, hii ni kazi ya chama."

"Na mi nauliza ya chama. Babu yako alikuwa wapi mbele ya mipaka?"

Aliweka mkoba wake juu ya kiti. Angeweza kukasirika, alikuwa na nguvu ya kufanya hivyo, na kijana wetu angefunga godoro siku ileile. Akatazama watu, akatazama mbuzi. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu tena: "Kusema kweli, mama, sijue. Baba alinizalia ku mugodi, kule Ituri. Ya babu hakunielezaka."

"Douteux!" akapiga kelele mama pasta kutoka benchi la nyuma.

Nilifikiri sasa tumekwisha. Lakini yule mtu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na alipokiinua alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Na bale basoda bako, askari ba ng'ambo," shangazi akaendelea, maana hajui kuacha, "bao jeton banazo?"

"Mama, hapo unatafuta kuniua," akasema, akijipangusa. Akachukua kalamu. Juu ya jalada la rejista akaandika herufi tatu ambazo kila mtu wa biro katika nchi hii anazijua: R.A.S., hakuna la kuripoti. Akaniomba kashe. Nikampa. Akapiga. Nikamwambia aende na kashe yenyewe, mimi sitaihitaji tena, ukatibu nimeuacha. Alinitazama, akaelewa, akaitia mfukoni. Sitaki kumfanya shujaa. Familia mbili za mtaa wa chini zilikuwa zimekwisha kwenda, na karatasi yao ilikuwa na sahihi yake. Lakini siku ile, kwenye ukurasa wa saba, mtu wetu alibaki, na jeton yake ilitoka pamoja na za mtaa wote.

Akakaa kula. Baba wa kijana akavaa kofia. Mazungumzo yakarudi mahali yalipokatika, kwenye mbuzi wa shangazi, na yalikuwa makali kuliko mwanzo kwa sababu sasa hakuna aliyeogopa.

Mwisho ukafika wakati wa kumuuliza bibi arusi, kama ilivyo desturi, kwa maana bila neno lake hakuna anayegusa kamba. Nikamwita katikati.

"Dada yangu, hawa batu unabajua? Hizi mbuzi, tukamate ao tubarudishie?"

Aliinamisha macho kama msichana mwenye adabu anavyopaswa. Halafu akatazama nyuma yetu, mahali mbuzi watatu walikuwa wamekata kamba na kuingia bustani ya jirani.

"Yaya, kamateni mbiyo! Zinamaliza maua ya mama pasta!"

Mama pasta akaruka na fimbo, vijana wa pande zote mbili wakakimbia nyuma yake, na katikati ya kelele zile nikasikia mwashi anacheka, kwa besi, mpaka chini kabisa.