Beji Kwenye Koti

Nilimaliza darasa la saba nikaenda Nyeri mjini kumsaidia daktari wa meno. Mwenyewe nilijiona nusu daktari. Nikiosha vyombo vyake nilikuwa nikichagua rangi ya viti vya kliniki yangu, ile nitakayofungua kwetu Gakindu juu ya duka la mbegu.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya beji. Ilikuja kila mwezi kwa posta kutoka Nairobi, kitu kidogo kama kiberiti, ndani kipande cha filamu.

"Hii inapima mionzi ya eksirei inayonipata mimi," daktari aliniambia. "Ikizidi, watatuandikia."

Niliibandika kwenye koti lake jeupe, na mwezi ukiisha nikaibandua nikairudisha. Barua zilisema kila mara kwamba yuko salama.

Ila watoto waliogopa lile koti. Walikuwa wameshadungwa sindano na watu wa makoti meupe, wakiliona tu wanafunga mdomo. Kwa hiyo mtoto akiletwa, daktari alilivua, nami nikalitundika kwenye msumari chumba cha nje. Yeye akabaki na sweta ya kijivu kama baba wa mtu yeyote. Na kwa kuwa mtoto hawezi kuituliza filamu ya picha ya meno mdomoni, daktari aliishika mwenyewe kwa kidole cha pili cha mkono wa kushoto, wa kulia ukibonyeza swichi.

"Toka nje," aliniambia. "Wewe bado utazaa."

"Na wewe, daktari?"

"Mimi niko na saba. Halafu hii ya meno ni kidogo tu."

Nikatoka, nikasimama karibu na koti na beji yake.

Mwaka wangu wa tatu kile kidole kikaanza kukauka. Ukucha ukaingia mistari, ngozi ikapasuka. Alisema ni dawa za kusafishia picha. Nikamletea mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe zikipasuka.

"Ati sasa mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe wetu alipona, daktari."

"Basi paka. Maziwa yakitoka, peleka sosaiti ya wafugaji."

Tulicheka. Lakini kidonda hakikufunga. Nilipomwomba aende hospitali kubwa, alifungua faili ya barua. "Soma mwenyewe. Niko salama." Nikasoma, nikaamini.

Alipokwenda hatimaye, walikikata kidole, wakisema ni saratani ya mionzi. Alirudi mkono umefungwa bendeji, akaniuliza kwa upole, "Nikipiga watoto picha, beji ilikuwa wapi?"

"Kwa koti."

"Na koti?"

"Kwenye msumari, chumba cha nje." Mkono wangu ndio uliolitundika miaka yote ile.

"Basi tulikuwa tunapima msumari," alisema. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniliza.

Wiki hiyo akaletwa mtoto kutoka Mukurweini, shavu limevimba. Daktari akavua koti. Nikaibandua beji nikaibandika kwenye sweta. Akamwonyesha mama jinsi ya kumshikia mtoto filamu.

"Wewe ni mara moja tu, mama. Haitakudhuru."

Mtoto alikuwa ametulia, sweta imefanya kazi yake. Kisha, kabla sijafika mlangoni, akauona ule mkono. Akaanza kulia, na safari hii daktari hakuwa na kitu cha kuvua.