Hina ya Saa ya Chakula

Watu wa kiwanda chetu cha chai, kule upande wa Kiptere, walimjua Akello kwa mambo mawili: kupiga taipureta bila kutazama vidole, na kuchora hina. Taipureta alilipwa. Hina alichora kwa sababu hakuweza kuacha. Mimi nilikuwa mpishi wa chai ya ofisi, basi jikoni kwangu ndiko kulikokuwa saluni yake. Saa ya chakula, wenzake wakila githeri, yeye alilaza mkono wa msichana wa watu juu ya meza yangu na kuanza kuchora, nami na sufuria zangu tukasogea.

Alitoka upande wa ziwa, akapanga chumba Kericho mjini nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Mke wa Mhindi ndiye aliyemfunza. Lakini yule mama alichora maua ya kwao, na Akello alichora alichokiona dirishani: majani mawili na chipukizi, kama tunavyochuma, yakipanda kutoka kidoleni hadi kifundoni. Hina yenyewe aliikoroga kwa chai nyeusi niliyomchemshia.

"Mama Atuti, ongeza majani," aliniambia kila mara. "Hii ni chai ya mgonjwa."

Meneja wetu, Bwana Chepyegon, alijua yote hayo. Mwaka wa tisini na tano mkewe alipokwenda harusini Nakuru alichorwa mpaka kwenye viwiko, na meneja mwenyewe ndiye aliyemleta kwa gari. Sharti lilikuwa moja: anayeshika chai asiwe na rangi mkononi. Akello alilishika sharti hilo. Wasichana wa chumba cha kuchambua chai walimbembeleza, akawakataa, wakamwita mwenye maringo. Haya, maringo gani ya kumlindia mtu kazi yake?

Rodah alikuwa mmoja wa wasichana hao. Mshahara wake ndio uliowalisha mama yake na wadogo zake, na Kipkurui wa Mulot, aliyekuwa amwoe Jumamosi, alikubali aendelee na kazi hata baada ya harusi. Likizo ilikuwa imekubaliwa kuanzia Ijumaa. Alhamisi mchana Rodah alimaliza zamu, akavua aproni na kuja jikoni.

"Sasa si niko livu?" alimwambia Akello. "Nichore kama vile ulichora bibi ya meneja."

Akello hakuwa na sababu ya kukataa tena. Alichora taratibu, akinyamaza kama mtu aliye kanisani. Nimeona maharusi wengi, na sijaona mikono iliyopendeza kama ile.

Hina haijakauka, habari ikaja kwamba wanunuzi wa kutoka ng'ambo, waliotarajiwa wiki iliyofuata, wangefika kesho yake. Likizo zote zikafutwa. Tulimwosha Rodah kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, kwa majivu. Akello alisugua huku akilia. Hina ile ilikuwa imekunywa chai yetu nzito, ikazidi kukolea kila tuliposugua. Mimi nilisimama na birika la maji ya moto mkononi, sijui niyamwagie nini.

Asubuhi Akello alikwenda kwa meneja kabla ya mtu yeyote.

"Sir, ni mimi nilimchora. Alikuwa amepewa livu."

"Na mimi nifanye nini sasa? Wageni wako kwa geti," alisema Chepyegon. "Mtafutie glavu."

Glavu zikatoka zahanati. Mzungu mmoja mrefu akapita kwenye mstari, akafika kwa Rodah, akauliza mbona huyu peke yake amevaa glavu, ni mgonjwa? Rodah akazivua, na mzungu akarudi nyuma, akidhani ni ugonjwa wa ngozi. Alipoelezwa kuwa ni pambo la bibi harusi alitabasamu, akasema ni zuri sana. Tukapumua. Nilirudi jikoni nikijua yamekwisha, mjinga mimi.

Jioni nilipeleka chai kwa meneja, nikamkuta Akello amesimama mbele ya meza.

"Basi unifute kazi mimi, sir."

"Wewe hushiki chai."

"Lakini kazi ni ya mkono wangu."

"Akello, usiniongezee shida. Wageni wamepigia ofisi kubwa ya Nairobi simu juu ya hiyo rangi, na Nairobi wanataka jina ya mfanyakazi wa kufutwa. Hata mimi sina nguvu. Kaa chini uandike."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule wa siku hiyo uliota meno upande mmoja. Nilitaka kusema hivyo. Nilikuwa na trei, nina watoto, nikamimina chai. Akello akaketi kuipiga barua ya kumfuta Rodah, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitazama vidole vyake akipiga taipureta.

Rodah aliipokea nje ya ofisi. Hakugombana.

"Si makosa yako, dada," alisema. "Ni mimi nilikuomba. Kongoi kwa hina."

Ningefurahi kama angetutukana. Ile shukrani ilituumiza kuliko tusi.

Harusi ilifanyika, Akello hakwenda. Aliacha kuchora. Wasichana wakija aliwaambia hina imekwisha, na pakiti iko pale kabatini kwangu, naiona. Hivyo mpaka mke wa meneja alipoalikwa harusi nyingine. Huyo hakuomba. Aliketi kwenye meza yangu, akavua saa, akanyoosha mkono.

Akello alinitazama, nami nikaangalia moto. Kisha nikachemsha chai.

Alikuwa katikati ya jani la pili Rodah alipofika getini. Tulimwona dirishani. Hina yake ilikuwa imetoka yote. Aliinua mikono yake miwili mbele ya askari wa geti, akaigeuza mbele na nyuma, aione ilivyo safi. Askari alitikisa kichwa. Rodah akaielekeza huku ofisini, akaigeuza tena, polepole.

"Mbona unatazama nje?" mke wa meneja alimuuliza Akello. "Utaniharibia mstari."

"Pole, mama," Akello alisema, akainama, akaendelea kuchora.