Somo Lisilo na Kosa

Mkufunzi yule alikuwa na kanuni moja: somo ambalo hakuna mtoto aliyekosea limepikwa, na aliyelifundisha hapiti. Wanachuo walimwita Darubini, kwa kunong'ona.

Sababu alikuwa nayo. Chuo cha ualimu cha taifa kilipoanza katika mabohari yaliyoachwa na reli, yeye akiwa mwanafunzi wa kundi la kwanza, aliwaona wenzake wakiwakaririsha watoto majibu kabla ya mkaguzi kufika. Walifaulu, wakaenda kuharibu madarasa ya watu. Chuo kilipohamia majengo ya ghorofa na kujengewa shule ya mazoezi uani, yeye, sasa mkufunzi, aliapa kwamba mchezo ule hautahamia nacho.

Kisha ikafika zamu ya mpwa wake, binti wa dada yake, kupimwa. Alifundisha nusu na robo kwa kukunja karatasi. Mikono yote juu, kila jibu sahihi. Mtoto mmoja alijibu hata swali halijaisha. Darubini, kwenye dawati la nyuma, aliweka kalamu chini.

"Umewakaririsha," alimwambia nje ya mlango.

"Mjomba, hata majina yao siyajui!"

"Hapa mimi si mjomba."

"Haya, Mkufunzi. Si uwaulize wenyewe?"

"Nimuulize mwizi kama kaiba?"

Akamfelisha. Dada yake alimfuata mpaka ofisini.

"Kaka, kweli? Mtoto uliyembeba mgongoni?"

"Ningempitisha, watu wangesema nini?"

"Kumbe ulikuwa unawapima watu, si mwanangu."

Muhula uliofuata, Darubini akipita dirishani, mwanachuo mwingine aliingia darasa lile kujizoeza, karatasi mkononi. Hajafungua kinywa, watoto wakaangua kicheko.

"Mwalimu, robo tena!"

Sasa ndipo Darubini alipouliza. Watoto wakamweleza: kila mwanachuo huja kwao kujizoeza somo hilohilo kabla ya kupimwa darasa jingine, hata majibu wakayajua kwa moyo. Alijua lilikotoka. Lilikuwa somo la mfano, alilowafundishia wanachuo yeye mwenyewe, nao waliliiga kwa kumwogopa.

Alimfuata mpwa wake dukani alikokuwa akiuza vitambaa, akamwomba arudi apimwe upya.

"Nirudi nishukiwe tena? Hapana, Mkufunzi."

Hakumwita mjomba.

Kanuni ile ilikuwa ya haki. Kuhukumu bila kuuliza hakukuwa haki. Watoto walimkosa mwalimu mzuri, na dada yake hakukanyaga tena nyumbani kwake.