Nyimbo Zenye Mahali pa Kunyamaza

Kwetu hakuna aliyekufa. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule wa 2008, wa ghasia za uchaguzi, ndilo jambo la kwanza watu walilouliza, na nikishawajibu walisema tumshukuru Mungu, wakaendelea na safari zao. Nyumba ya Kuresoi iliungua, ghala la viazi likaungua, ng'ombe wakaswagwa wakaenda. Baba na mama walikwenda kukaa kwa shangazi Nyahururu. Ndugu yangu akaja kwangu Bondeni, Nakuru, na mkoba mmoja, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, na akanyamaza.

Mimi nilikuwa sawa. Nilikuwa nauza balbu, swichi na waya katika duka la vifaa vya umeme mjini, na kila asubuhi nilijipaka mafuta nikaenda kazini kama kawaida. Wateja waliuliza bei, nikawatajia. Sikulia, wala sikuona ajabu kwamba silii. Mtu angenifinya wakati ule sidhani ningesema aa.

Huyo ndugu yangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisomea kilimo chuoni Njoro, akarudi shambani na cheti pamoja na mkoba wa CD za muziki unaoitwa death metal. Kama hujawahi kuusikia, ni magitaa yanayokwenda mbio, ngoma zinazopigwa kana kwamba zimemkosea mtu, na mwimbaji ambaye haimbi bali ananguruma kutoka tumboni. Mama aliukemea kwa maombi. Maombi yaliposhindwa akaufukuza nyumbani, basi ndugu yangu akauhamishia ghalani, akaunganisha redio na betri ya trekta, akawa anachagua viazi vya mbegu huku mabati yakitetemeka. Alikuwa na furaha mle ndani kuliko watu wengi waliookoka ninaowajua.

Siku ile watu walipokuja kutuchomea, alikuwa ghalani na muziki ulikuwa juu. Aliwasikia. Hilo aliniambia mara moja tu, siku aliyofika kwangu, hata kabla hajaketi.

"Nilisikia watu wananguruma," alisema. "Nikadhani ni CD."

Alipotoka, paa la nyumba lilikuwa linawaka. Baba na mama walikuwa wameshatorokea kwenye mahindi, lakini yeye hakujua. Aliizunguka nyumba ile akiwaita mpaka sauti ikamkauka, akiamini wamo ndani. Alikuja kujua kesho yake kwamba wako hai.

Baada ya hapo hakusema tena. Alisema "ndio" na "nimeshiba," lakini hayo si mazungumzo. Mkoba aliokuja nao ulikuwa ule ule wa CD, na hakuufungua. Nikiwasha redio nisikie habari, aliinuka, akaizima, akarudi kwenye kiti chake kusikiliza nje. Pale mtaani tulikuwa na mzee mmoja aliyekaa kimya mbele ya kinyozi tangu nilipohamia, na nilijua kwamba naye alianza kwa siku moja. Nilitaka kitu kimoja tu: ndugu yangu aongee.

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita boss, alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru kama baba yake. Ujanani alisoma Uingereza, akarudi na masanduku ya sahani za muziki ambazo mkewe hakuzipenda. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliniuliza habari za ndugu yangu, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kusema uongo nikamweleza yote. Alitafuna kidogo, kisha akauliza kama daktari.

"Na kwa hiyo muziki yake, alikuwa anapenda nini? Ile sauti, ama ngoma?"

"Sijui, boss."

"Sasa hujui na ni ndugu yako? Leta CD moja tusikize."

Nikaileta. Tuliiweka kwenye mashine ya kujaribia spika, na mama mmoja aliyekuja kununua balbu akaondoka bila balbu. Boss aliinamisha kichwa, kidole kikigonga kaunta. Nilitegemea azime upesi, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu wa ngoma amesoma," akasema. "Anabadilisha hesabu ya mapigo kila saa. Ndugu yako hapendi kelele, wewe. Anapenda hesabu."

Mimi sikusikia hesabu yoyote. Nilisikia watu wakinguruma, nikafikiria ghala.

"Basi tumtolee hiyo sauti, tumwachie hesabu," boss akasema. "Iko, inaitwa progressive rock. Hawa wa kunguruma walijifunza huko."

Kesho yake alikuja na CD tatu na maagizo mengi kuliko ya dawa za kifua kikuu. Nianze na ile yenye magitaa mazito, ndugu yangu asije akadhani anadharauliwa. Ya pili iwe ile ya kinanda. Ile ya filimbi ije mwisho kabisa, maana ikitangulia atafikiri nimemletea kwaya. Na nisishangae wimbo mmoja ukijaza nusu saa.

"Na katikati wananyamaza," akasema. "Kabisa. Unafikiri stima imepotea. Usiguse kitu."

CD zake hakutaka zilale nje ya kwake, kwa hiyo nilizipeleka kwa jamaa wa kunakili CD karibu na soko. Nilipozirudia alinipa zile tatu pamoja na diski moja tu mpya, akitabasamu kama fundi aliyemaliza kochi.

"Sista, nimekupangia poa," akasema. "Hizi nyimbo zilikuwa ndefu sana, alafu kuna mahali zinazima zima. Nimetoa hizo zote. Sasa ni moto tupu."

Nilimshukuru kwa moyo mmoja. Niliona amefanya kazi nzuri, na maagizo ya boss yalikuwa yameshanitoka kichwani.

Jioni hiyo niliweka diski ile kwa sauti ya chini nikaenda kupika. Ndugu yangu hakuinuka kuizima, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Alisikiliza yote. Kisha akasogeza kiti mpaka kwenye redio, akairudisha nyuma, akasikiliza mahali pamoja, akairudisha tena.

"Hapa pamekatwa," akasema.

Nilikuwa na mwiko mkononi. "Pamekatwa nini?"

"Hapa kulikuwa na kitu. Ngoma haiwezi kutoka pale ikafika hapa. Ni nani amekata?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyokuwa ameniambia tangu Januari. Ilinipasa nifurahi, na nilijua hivyo, kama unavyojua kwamba leo ni Alhamisi. Nikapunguza moto ili ugali usishike.

Nilirudi kwa yule jamaa nikiwa na zile CD za boss tena. Aliniangalia kana kwamba mimi ni mteja aliyeuziwa kuku aliyechinjwa, kisha akarudi kudai manyoya.

"Lakini sista, huko hakuna kitu. Ni kimya tu."

"Nirudishie hicho kimya," nikasema, na nadhani nilimfokea, kwa sababu aliinama akaanza kazi papo hapo.

Jumapili mchana tukaketi wote wawili, mimi kitandani, yeye kwenye kiti. Wimbo ulienda mbio, ukapanda, ukageuka mara tatu nne, kisha ukazama na kukata. Kimya. Nje mtu alikuwa akifua, mtoto akililia soda, mkokoteni ukapita. Ndugu yangu alikuwa amegeuza uso mlangoni, akisikiliza. Ndipo nikaelewa, mimi mjinga. Muziki wa ghalani haukumpa nafasi ya kusikia kinachokuja. Huu ulikuwa unamwachia nafasi akague mlango.

Lakini kimya kilizidi, nami nikaogopa kwamba diski imekwama. Nikanyoosha mkono. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ngoja. Itarudi."

"Umejuaje? Hujawahi kuusikia mzima."

"Hesabu haijaisha."

Tukangoja. Tangu Januari watu wengi walikuwa wameniambia kwamba vitu vitarudi: shamba, ng'ombe, majirani. Nilikuwa nimesema asante kwa kila mmoja bila kumwamini hata mmoja. Kisha ngoma ikarudi, pale pale aliposema. Nikaanza kulia kwa sauti mbaya, ya kutoka tumboni. Ndugu yangu hakuuachia mkono wangu. Kwa mkono wake mwingine alifikia redio, nikadhani anaizima, naye akaiongeza sauti.