Neno Nililoliruka

Hadi leo mgomba ukikatwa karibu nami, ule unyevu mbichi unaponifika puani, viganja vinanitoka jasho. Harufu hiyo niliijua kwenye mazishi ya mtu aliyekuwa hai.

Ilikuwa muda mfupi baada ya Uhuru, kijijini kwetu juu ya Kemondo. Jirani yetu mjane, Ma Kokugonza, aliletewa barua ya Kiingereza kutoka Uganda, alikokuwa akifanya kazi mwanawe wa pekee, Projestus. Nikaitwa mimi, mtoto wa shule, niisome. Msimamizi wake aliandika kwamba mtumbwi ulizama na watu wote, na kwamba "perhaps" Projestus alikuwamo.

Neno hilo nililijua, ndugu zangu. Tulikuwa tumefundishwa wiki ileile. Lakini kabla ya hapo nilisita kwenye barua nyingine, na wazee wakacheka: "Huyu anasoma au anabahatisha?" Nikaona nikisema labda, watanicheka tena. Nikaliruka.

"Projestus alikuwamo," nilisema, kwa sauti ya mwalimu.

Hakuna aliyecheka.

Kwa kuwa mwili haukupatikana, walikata mgomba, wakauvika lubugo, ile nguo ya gome la mti, wakauzika kibanjani, kwenye shamba la migomba karibu na nyumba. Mwanamke mmoja aliinama akauweka kichwa vizuri, ingawa haukuwa na kichwa.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja Projestus alitokea kwa miguu, mfuko begani. Mbwa hawakubweka.

"Mae, ni mimi," alisema mlangoni.

Komeo likasukumwa kwa ndani. "Mwanangu nilimzika," mama yake akajibu. "Wewe rudi ulikotoka."

Alisimama pale mpaka kivuli chake kikafika kaburini. Kisha akaniona, akaniuliza kwa upole ni nani aliyesema amekufa. Nikamwambia sijui. Akaondoka, hakurudi tena.

Kaburini ukachipua mgomba. Ulizaa, ndizi zikaiva zikaanguka, na hata ndege hawakuzigusa.

Nyakati za ujamaa, tulipotakiwa kuhamia kijiji kipya, Ma Kokugonza alinijia na ile barua. Nilikuwa mtu mzima sasa. "Nisomee tena," alisema, "polepole." Nilipofika kwenye labda, akainua mkono.

"Hilo neno lilikuwamo na siku ile?"

"Lilikuwamo, Ma."

Akaikunja barua, asinilaumu. Utotoni nilidhani labda ni neno la wasiojua kusoma. Kumbe mama yule angekuwa nalo, angefungua mlango walau kiasi cha kuchungulia.

Kule kijiji kipya aliishi miaka mingine michache. Mlango wake haukutiwa komeo hata usiku mmoja.