Chenso Iliyonoki Butiama

Chenso, msumeno wetu wa injini, ilizimikia ndani ya mti. Tulikuwa Butiama, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka mikaratusi yake iangushwe apate nafasi ya kujenga, na mwenzangu alikuwa amefika nusu ya shina la nne. Mlio ulipanda ghafla, ukawa mwembamba, kisha ukakatika. Tukagonga kabari, tukauchomoa upanga wake wenye mnyororo. Mwenzangu akavuta kamba ya kuwashia. Haikuwaka. Akaikanyaga mashine akavuta kwa mikono miwili, wapi.

"Imenoki," akasema. "Injini imekwama. Nimeilazimisha sana. Mimi ndiye nimeiua, mdogo wangu."

Mimi nilikuwa nimeshageuka kuangalia madumu. Tulibeba madumu mawili yanayofanana, moja la petroli ya pikipiki, jingine la petroli iliyochanganywa na oili, maana injini ya chenso inapata oili yake humo humo kwenye mafuta. Iliyochanganywa ina rangi ya kijani. Dumu la hiyo ya kijani lilikuwa limejaa, vile vile nilivyolitoa nyumbani Kigera alfajiri. Kazi ya kujaza mafuta ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejaza petroli tupu.

Sikusema kitu. Mkaratusi uliokatwa nusu hauachwi umesimama, kwa hiyo tuliazima shoka tukaumalizia kwa zamu mpaka jioni. Kila zamu yake ilipofika aliniomba radhi. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Kwao ni kijiji cha wavuvi, huko kwenye rasi, aliacha nyavu akaja tukanunua hii mashine pamoja, ikiwa tayari imetumika, nasi tukaitumia miaka tisa.

Kesho yake nilimwambia apumzike, nikaipeleka mashine kwa fundi Bunda peke yangu. Nilijua fundi ataona.

Fundi mwenyewe ni mzee wa Kiislamu, ana kibanda chake Manyamanyama. Alifungua ekzosti, akamulika tundu kwa simu, akaniita nichungulie. Pistoni ilikuwa imechanika mistari mistari.

"Hii imekimbia bila oili. Nani anawachanganyiaga mafuta?"

"Mimi, mzee."

Hakunigombeza. Aliendelea kufungua mpaka akafika kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaishika kwa vidole akaitikisa. Ilicheza, hata mimi niliona. "Hii sasa siyo ya jana," akasema. "Hii ni uchovu. Nikikuwekea pistoni na silinda mpya, itawaka, utamalizia hiyo miti yako. Baada ya hapo siahidi kitu. Au niijenge yote, beringi, krenki, kila kitu, nisubiri vipuri kutoka Mwanza."

"Ingekuwa yako ungefanyaje?"

"Mimi nauzaga vipuri, kijana wangu. Usiniulize mimi."

Nikatoka. Nikaagiza chai hapo jirani, nikaiacha. Nikarudi kibandani, nikatoka tena. Safari ya nne fundi akacheka, akanisogezea benchi. Nilikaa nikiitazama ile injini iliyotandazwa juu ya gunia, na ukweli ni kwamba sikuwa nawaza beringi wala krenki. Nilichotaka ni mashine iungurume kesho asubuhi, ili pasiwepo na mtu wa kuuliza ilikufa kwa nini. Nilimwambia fundi nitampa jibu, nikawasha pikipiki.

Siku tatu zilizofuata sikutulia. Nilikwenda ziwani kuoga nikarudi bila kuoga. Nilinoa mapanga ambayo hakuna aliyeniomba niyanoe. Mwalimu akapiga simu kutoka Butiama: "Kijana, minne imelala, mingine yote inanitazama. Unakuja au huji?" Nikamwambia nakuja. Sikujua nakuja na nini.

Siku ya nne mwenzangu alikuja nyumbani asubuhi. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Alikaa, akasema amezungumza na shemeji yake mvuvi, shemeji amekubali kumsaidia, matengenezo yote atayabeba yeye kwa kuwa yeye ndiye aliyeiharibu.

"Kaka, siyo wewe," nikasema. "Niliweka petroli tupu."

Akauliza, "Ulijua lini?"

"Pale pale. Ukiwa bado unavuta kamba."

Akainuka, akaenda kusimama uani, mgongo wake ukinielekea. Nilitamani atukane. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimemwambia mke wangu nimeua mashine. Watoto nimewaambia. Nimekwenda kumpigia magoti shemeji."

Nikasema nisamehe, likasikika dogo.

Akakaa tena, akauliza fundi ameona nini kingine. Nikamweleza krenki inacheza. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza. "Finya hapa." Nikafinya kidole cha kati. "Zaidi." Nikafinya mpaka kucha ikawa nyeupe. "Sisikii. Tangu masika. Mashine ilikuwa inatetemeka vibaya siku nyingi, nami nikakaa kimya, nikidhani utatafuta mtu mwingine." Akaurudisha mkono. "Ukitaka kuijenga, ijenge. Lakini utaishika mwenyewe."

Sikuijenga. Nilimwachia fundi aichinje vipuri, nikakodi mashine ya mtu mwingine, nikarudi Butiama na kuishika mwenyewe. Siku ya pili mwenzangu akatokea, hakuna aliyemwita. Alisimama mbali kidogo, akiangalia kila mti umeinamia wapi, ananionyesha kwa kidevu. Tulifanya hivyo mpaka mkaratusi wa mwisho, bila kuzungumza habari ya dumu.

Sasa yeye yuko kwao, anasimamia dagaa za shemeji yake. Ananisalimia vizuri, ila ile "mdogo wangu" siisikii tena, ananiita fundi. Watu bado wanapiga simu, nina mvule umekauka, nina miti inagusa bati, utakuja na chenso lini? Sijanunua nyingine, wala sijatafuta mwenza, nawaambia nitawajibu kesho. Mke wangu huniuliza kesho gani hiyo, nami naokota kofia natoka, ingawa hakuna ninakokwenda.